Tairi Pana za Luhende

Jumamosi ile mchana palikuwa shwari kwa Luhende, pale mtaa wa Ipuli. Mkewe, Koleta, alikuwa kibarazani akichambua mchele. Luhende mwenyewe alikuwa ameinama akiisugua baiskeli yake ya gia huku akipiga mluzi. Manyunyu ya kwanza yalikuwa yameshapita na vumbi limelala. Ungepita njiani ungesema nyumba ile haina shida hata moja.

Shida ilikuwepo, ndugu zangu, na jina lake ni ujuaji. Luhende alikuwa mtu mwema, mchapakazi, anayempenda mama yake, lakini hakuna jambo chini ya jua ambalo yeye hakulijua. Mwashi akijenga, yeye yupo pembeni anaelekeza. Muuguzi akisema kunywa dawa kutwa mara tatu, yeye anasema mbili zinatosha. Majirani walishachoka kubishana naye, wakawa wanaitikia tu ili waende zao.

Mara simu ikaita. Madaktari wa macho waliopiga kambi hospitali ya mjini walikuwa wamempatia nafasi ya kupasuliwa mama yake, Bibi Leonia, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemfanya asione kwa mwaka wa tatu sasa. Jumatatu saa nne asubuhi jina lake lingeitwa. Asipokuwepo, nafasi inakwenda kwa mwingine, na jioni hiyohiyo madaktari wanaondoka. Watarudi lini, hakuna aliyejua.

"Mungu mkubwa!" Koleta akainuka. "Baba Elieth, kesho nenda kijijini ukamchukue. Ila hizo tairi zimekuwa kipara, na mvua ndiyo hii."

Luhende akashuka mtaa wa Ng'ambo kwa Shamimu, mwanamke aliyerithi kibanda cha baiskeli kutoka kwa baba yake. Wauza maziwa wa vijijini karibu wote walikuwa wateja wake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti. Nifungie zile tairi pana."

"Unaelekea wapi nazo?"

"Kwa mama, nakata ile mbuga ya udongo mweusi."

Shamimu akaziacha zile pana ukutani, akashusha nyingine, nyembamba kidogo, zenye meno marefu yaliyoachana. "Basi chukua hizi. Zile pana ni nzuri kwa mchanga wa hapa mjini, hazizami. Lakini meno yake yamebanana. Udongo wa mbuga ukiloa unajaa humo na hautoki, na tairi yenyewe iko karibu sana na fremu. Tope likikaa hapo, gurudumu halizunguki. Hizi tope linadondoka lenyewe. Na upepo usijaze sana, mzee."

Luhende akacheka mpaka mafundi wa jirani wakageuka. "Binti, mimi nimeanza kuendesha baiskeli wewe hujazaliwa! Tairi pana ndiyo inakanyaga. Funga zile, na upepo jaza mpaka ziwe jiwe."

Shamimu akafunga. Angefanyaje? Mwenye baiskeli kasema.

Jumapili Luhende aliivuka mbuga ikiwa kavu, kwa ile njia ya zamani ya wapagazi, akimcheka Shamimu mwendo mzima. Akalala kwa mama yake. Usiku mvua ikamwagika hadi alfajiri.

Asubuhi bodaboda wawili wa kijijini waliitazama mbuga wakakataa safari. Luhende akampakia mama yake kwenye keria. "Nishike kiuno, mama. Hii baiskeli haishindwi."

Ilishindwa hatua thelathini tu baada ya kuingia kwenye udongo mweusi. Tope lilijaa kwenye meno, likajaa kwenye fremu, gurudumu likagoma kabisa. Akamteremsha mama, akakwangua kwa kijiti, akampakia tena. Hatua kumi, likagoma.

"Mwanangu, mbona tumesimama?"

"Natoa tope kidogo, mama."

Mara ya sita Bibi Leonia akateremshwa tena. Alisimama peku kwenye matope, haoni mbele wala nyuma, ameshika kanga yake kwa mikono miwili. Saa mbili na nusu ilishafika na hawajamaliza hata robo ya mbuga. Luhende akamtazama mama yake, akakitupa kijiti. Aliogopa.

Ndipo akatokea Damas, muuza maziwa, dumu la lita ishirini nyuma, akisukuma pale penye kina na kukanyaga pedeli pale pagumu. Magurudumu yake yalikuwa yakizunguka na kutupa madongo pembeni.

"Nani alikufungia hizo tairi?" Luhende akauliza kwa sauti ndogo.

"Shamimu. Kwani kuna mwingine?" Aliposikia habari ya saa nne, Damas akaliteremsha dumu. "Bibi, panda huku. Luhende, wewe lete maziwa."

Wakaondoka. Luhende aliegemeza baiskeli yake kwenye mti, akajitwisha dumu, akaanza kutembea.

Alifika kambini saa sita kasoro, tope hadi kifuani. Koleta alikuwa amekaa kwenye ngazi peke yake. Luhende akamsogelea, dumu bado kichwani.

"Mama yuko wapi?"

"Ndani," Koleta akasema. "Walikuwa wanaliita jina lake mara ya pili, Damas ndio anaingia getini. Wamesema upasuaji umekwisha salama."

Luhende akatua dumu, akakaa chini palepale, akalia bila kuficha uso. Damas akaja kutoka getini, akafungua mfuniko, akanusa maziwa, akasema sasa yatauzwa mtindi.

Kesho yake muuguzi wa zamu alifungua bandeji. Bibi Leonia akapepesa jicho, akamwangalia mwanawe muda mrefu, akamgusa kichwani.

"Luhende, lini umeota mvi zote hizi?"

"Nyingine jana, mama," akajibu, na wodi nzima ikacheka.

FUNZO

Ndugu zangu, kwenye tope la mbuga funga tairi isiyo pana sana, yenye meno yaliyoachana, na punguza upepo. Hilo Shamimu alilisema bila kudai hata senti. Lakini kubwa zaidi ni hili: ukiambiwa jambo na mwenye kazi yake, awe mdogo kwako, awe mwanamke, nyamaza umsikilize. Luhende aliokolewa na tairi za mwenzake. Wewe huenda Damas asipite.