Droo ya Barua za Kujieleza

Kwanza ilikuwa harufu. Mwalimu Mkuu aliingia ofisini asubuhi, akavuta pumzi, akamwita mfagizi.

"Mama, kuna panya amekufa humu."

Mfagizi, mama wa makamo, alipekua kila pembe asione panya. Uvundo ulitoka kwenye kabati la chuma, droo ya tatu, palipowekwa barua za walimu za kujieleza.

Na barua zilikuwa tele, maana Mkuu huyu alikuwa na ugonjwa wa barua. Ukichelewa dakika mbili, jieleze kwa maandishi. Ukicheka mstarini, jieleze. Walimu nao walilipiza kisasi kinyonge: waliingia darasani, wakaandika tarehe ubaoni, wakakaa kitako. Wapiganapo fahari wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi zenyewe walikuwa wanafunzi arobaini wa kidato cha mwisho, waliobakiza wiki sita tu kufika mtihani. Daftari zao za hesabu zilikuwa na tarehe tupu za mwezi mzima. Watu wazima hao, wenye vyeti! Inatia kinyaa.

Mwalimu wao wa hesabu, waliyempachika jina la Kipeuo, alileta barua yake ya tisa wiki moja baadaye. Alimkuta Mkuu kaziba pua kwa leso, vidole vimenyauka na kuwa vyeupe, kama vya mtu aliyeshinda akifua.

"Mistari miwili tu? Ongeza, mwalimu wangu," Mkuu akanong'ona. "Jana kimelala njaa."

"Kipi?"

Mkuu akaivuta droo, na Kipeuo akaona karatasi zimelowa ute wa manjano, na ndani ya ute ule ulimi, mnene, wa kijivu, wenye vinyweleo, ukiramba mwandiko wa Kipeuo mwenyewe neno kwa neno mpaka karatasi ikabaki tupu, kisha ukajinyoosha hadi kwenye mkono wa Mkuu ukawa unamnyonya kidole kimoja kimoja, naye kafumba macho, machozi yanamtiririka, huku kitu kikitafuna chini kabisa, mahali ambapo droo ilipaswa kuwa imekwisha. Kipeuo alitapika kwenye pipa la karatasi.

Mfagizi alikuwa kasimama mlangoni, ufagio mkononi. Kwao, kutoa majini ni kazi ya urithi.

"Hili halitaki ubani," akasema kwa sauti ya chini. "Limeitwa na kinyongo, litatolewa na msamaha. Mwombane radhi wote wawili, kwa mdomo, sasa hivi droo ikiwa wazi. Ikijifunga, halitoki tena."

Mkuu akapiga magoti. "Mwalimu, nisamehe. Nimekunyanyasa, na watoto nimewakosesha masomo."

Ulimi ukasinyaa. Uvundo ukapungua.

Ikawa zamu ya Kipeuo. Kosa lake alilijua. Lilikuwa limekaa darasani, arobaini kwa idadi. Akafungua mdomo. Hapo akaikumbuka barua ya nne, ile aliyotakiwa kueleza kwa nini alikosa kazini siku aliyomzika mama yake. Akaufumba tena mdomo.

"Sema, mwanangu," mfagizi akambembeleza. "Sema upesi."

Kipeuo akamtazama mtu yule aliyepiga magoti.

"Hayo aliyosema," akajibu, "kwanza ayaandike."

Ulimi ukafura. Ukamwacha Mkuu, ukaja kumramba yeye kuanzia kiwiko hadi kwenye kucha, taratibu, kama ng'ombe anavyomramba ndama wake. Kisha droo ikajifunga yenyewe.

Ng'ambo ya uwanja, wale arobaini walikuwa wamemaliza kunakili tarehe.