Mashine Iliyoitika

Jua lilikuwa linazama Boko, mwaka wa tisini na saba, Tekla akimalizia kazi ya kuunganisha kompyuta katika zahanati ya Bi Naima. Kompyuta tatu, laini moja ya simu. Ile ya mapokezi aliifanya mlango: yenyewe ingepiga simu mjini kwa modemu, kile kisanduku cha kuiunganisha na laini ya simu, na zile mbili za vyumba vya nyuma zingepitia humo humo. Kinachoingia mbele, kinafika nyuma.

Bi Naima alisisitiza jambo moja tu: simu ikilia magharibi, isipokelewe. Zamani mdogo wake, Raudha, aliipokea saa hizo, akasikia jina lake, akaitika abee, akatoka nje na kanga moja. Hakurudi.

"Sasa inanitaka mie," alisema. "Siitiki ng'o."

Tekla, mtoto wa Bukoba, alijizuia kucheka. Watu wa pwani bwana, hata simu wanaiogopa. Akaahidi hataigusa.

Adhana ikaisha.

Simu ikalia.

Bi Naima akaja mbio, akasimama ubavuni mwake, kiganja mdomoni.

"Sijaigusa, mama," Tekla alinong'ona.

Na kweli hakuigusa. Lakini alikuwa ameitega modemu ipokee yenyewe, ili kompyuta za mjini nazo ziweze kuipigia. Alilikumbuka hilo taa ya modemu ilipowaka.

Klak.

Ule mlio wa mikwaruzo wa modemu zikiungana haukuja. Ilikuja pumzi... na harufu ya udi. Kisha sauti ya msichana, taratibu:

"Dada Naima..."

Machozi yalimtoka Bi Naima, maana sauti ile aliijua. Akakaza kiganja. Hakuitika.

"Abee," akaitika mtu chumba cha nyuma.

Ilikuwa sauti ya Bi Naima.

Tekla alichomoa waya, akakimbilia nyuma. Kompyuta ilikuwa inang'aa, mlango wa uani uko wazi. Malapa yalisikika yakienda barabarani, chap, chap. Mtu hakumwona.

Aliporudi, Bi Naima alikuwa anafumbua mdomo na kuufumba. Sauti haikutoka, na hadi leo haijatoka.

Tekla hategi tena modemu ipokee yenyewe. Juzi magharibi, akiwa peke yake ofisini Kinondoni, simu ililia. Aliiacha mpaka ikanyamaza. Kwa woga akalitamka jina lake polepole, ahakikishe sauti bado anayo.

"Tekla."

Koridoni, chap, chap.

"Abee," sauti yake ikaitika kutoka huko.