Anayeshika Bwawa Namba Kumi na Saba

Saa kumi na moja jioni, wenzangu wakiwa wameshafunga droo zao, mkuu wangu alinirushia faili mezani.

"Limebaki Kumi na Saba tu," alisema. "Nakili ya mwaka jana, badilisha tarehe, uende zako nyumbani."

Ofisi yetu inakagua mabwawa arobaini na moja. Kila bwawa lina fomu yenye visanduku viwili. Cha kwanza ni Hatari: likivunjika, watu wangapi watasombwa? Cha pili ni Hali: je, ni zima? Bwawa namba Kumi na Saba lilikuwa na Hatari Kubwa, maana bonde lote la chini limejaa nyumba. Hali: Nzuri. Nzuri, nzuri, nzuri, miaka kumi na miwili mfululizo. Kumi na mmoja iliandikwa na mzee aliyenitangulia, marehemu sasa, ambaye meza yake ndiyo niliyorithi mwaka jana. Picha ya msiba wake bado iko kwenye ubao wa matangazo kwa sababu hakuna wa kuibandua.

Mkuu tulimwita Bwana Tutaona. Omba mafuta ya pikipiki, tutaona. Omba fundi wa kuziba ufa, tutaona. Miaka sita nimeomba hadi ulimi ukaota sugu.

Nilikasirika, na nina sababu. Katika bonde lile anaishi dada yangu na wanawe watatu, nyumba ya nne kutoka mtoni, cherehani yake dirishani. Kila nikimwambia ahame, ananionyesha karatasi aliyoitundika ukutani. Ni nakala ya fomu ya mwaka jana. Hali: Nzuri. Sahihi ni yangu.

Ndiyo, yangu. Siku ile mvua ilikuwa kubwa, nikakaa kwenye gari getini, nikanakili. Tangu hapo kiganja changu cha kulia hutoka jasho baridi kila jioni. Daktari alisema ni mawazo tu.

Safari hii nilipanda pikipiki, nikaenda.

Bwawa lile ni tuta la udongo, na kwenye kitako chake kuna bomba linalotoa maji yaliyojipenyeza ndani. Maji yakitoka safi, si neno. Yakitoka na tope, ujue tuta linaliwa kwa ndani. Ila kuyaona lazima ushuke ngazi mia moja na ishirini, na hapo ndipo wakaguzi wengi hukumbuka kwamba wana magoti mabovu.

Nilishuka. Jua lilikuwa limezama, nyasi zimenifika kiunoni. Chura hakulia. Mbu hakuuma. Kulikuwa na harufu ya udongo mbichi, ile ya kaburi lililochimbwa asubuhi.

Tii... tii... tii...

Matone. Halafu kitu kingine.

Pumzi.

Mtu alikuwa amechuchumaa mbele ya bomba. Alivaa koti la mvua la ofisi, lile la zamani la rangi ya chungwa ambalo halitolewi tena. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezama ndani ya bomba hadi begani.

"Shikamoo," nilisema. Mdomo ulikimbilia adabu, akili bado inatafuta mlango.

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa mwaka mmoja."

Aligeuka. Nilimjua. Kila asubuhi nampita pale kwenye ubao wa matangazo.

Niligeukia ngazi. 

"Usikimbie," alinong'ona. "Nimechoka. Tazama."

Akachomoa mkono.

Bomba lilikohoa... kisha likatapika. Tope zito, jekundu, likanirukia hadi magotini. Juu yangu tuta zima liliguna. Akaurudisha mkono haraka huku akiuma meno, na maji yakawa safi tena.

"Miaka kumi na mmoja niliandika nzuri," alisema. "Sikuwahi kushuka hata ngazi moja. Anayeandika nzuri bila kutazama, ndiye anayekuja kushika. Mimi zamu yangu inakwisha. Inayofuata..."

Alitazama kiganja changu. Kilikuwa kinachuruzika.

"Nifanyeje, mzee?"

"Andika ulichokiona."

Nilitoa fomu. Hali: MBAYA SANA. Nikatia sahihi. Kiganja changu kikakauka hapo hapo, kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Nilizipanda zile ngazi bila kugeuka nyuma.

Asubuhi nilimkabidhi Bwana Tutaona fomu. Aliisoma, akacheka puani.

"Mbaya sana? Unajua maneno haya yanaleta nini? Kamati. Waandishi wa habari. Watu wa bondeni wahamishwe, mimi niulizwe nilikuwa wapi."

"Nenda ukalitazame mwenyewe, mkuu. Ngazi mia na ishirini tu!"

"Tutaona."

Akafuta maneno yangu kwa wino mweupe, akaupulizia ukauke, akaandika juu yake: Nzuri. Akatia sahihi yake chini. Nilipiga meza, nikamwita muuaji mbele ya watu. Akaniambia nikapumzike.

Kesho yake nilimwona akijifuta kiganja kwa leso. Siku ya pili leso ilikuwa imelowa chapachapa, akalaumu joto. Siku ya tatu hakuja kazini. Gari lake lilikutwa kwenye geti la Kumi na Saba, mlango wazi, viatu vyake vimepangwa vizuri kwenye ngazi ya kwanza. Watu walimtafuta majini kutwa nzima.

Mimi sikumtafuta majini. Jioni, walipoondoka, nilishuka.

Yule mzee hakuwepo. Kwenye ukingo wa bomba ilining'inia leso. Maji yalitoka safi... kisha na tope kidogo... kisha safi. Kama mtu anayebadilisha mkono.

"Mkuu?" nilinong'ona.

Ndani kabisa, mtu alihema.

Nikapiga simu.

"Dada, toka sasa hivi. Chukua watoto, pandeni mlimani."

"Tumeanza tena? Mbona leo mkuu wenu ametuletea barua mpya? Inasema nzuri, ina muhuri na kila kitu."

"Nani ameleta?"

"Tumeikuta chini ya mlango. Imelowa, lakini inasomeka."

"Dada, nakuomba. Kwa haki ya mama yetu."

"Haya, usilie, mdogo wangu. Tutakuja. Acha nimalize pindo hili, mwenye gauni anakuja kulichukua."

Nilisikia cherehani ikianza tena. Miaka sita nimefanya kazi chini ya yule bwana, na sijawahi kumwona akishika jambo lolote mpaka likaisha.

"Dada! Acha hilo pindo!"

Miguuni pangu, maji yalibadilika rangi. Nilisubiri yawe safi tena.