Jibini la Bwana Afya

Saa moja asubuhi, Jumamosi tarehe 23 Mei 1953, Apolinari alifungua duka lake la jibini pale Kinondoni akakuta pengo kwenye rafu. Majibini sita ya mviringo yalikuwepo. La saba, kongwe kuliko yote, lilikuwa limeibwa. Na hilo ndilo ambalo Bwana Afya angekuja kulionja saa nne. Kibali cha muda kilikuwa kinakwisha siku hiyo. Bila kuonja hakuna leseni, na bila leseni hakuna duka.

Saa mbili kasorobo akafika Koplo Sadallah, askari kanzu, na saumu yake ya Ramadhani. Harufu ya duka lile watu waliitukana mwezi mzima, mwezi wa pili wakaanza kupita polepole, wa tatu wakanunua. Sadallah alimeza mate, akaomba msamaha kwa Mola wake, akatoa daftari.

"Yote mie nayaona sawasawa. Nani alijua lipi limeiva?"

"Hata mie mpaka niligonge. Juzi niliyagonga mbele ya rafiki yangu Revelian, yule karani. Akaomba kipande, nikamnyima. Lakini afande, mwizi ni mzee Salumu, muuza maziwa. Alhamisi nilimmwagia maziwa yake, yalikuwa na maji. Akaapa nitajuta."

"Jana ulifunga saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kamili, nikaenda sala ya rozari kwa jirani yetu Tekla. Mlango una komeo tu."

"Jumuiya yenu ya Wakristo nzima ilikuwepo?"

"Wote, ila Didas aliyekuwa kazini bandarini, na Revelian. Tumbo lilimsumbua."

Mzee Salumu alikuwa barazani kwake, kakunja uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nilisema atajuta, ndiyo! Mtu kanimwagia maziwa mbele ya watu, ningemwambia ahsante? Lakini adhana ya magharibi ilinikuta hapa mkekani na wenzangu wanane. Kawaulize."

"Kuna mtu alipita?"

"Mmoja. Kanzu, kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi, kabeba sinia limefunikwa kawa. Tukajua analeta futari barazani, tukamsogezea nafasi. Akapitiliza! Tukamwita, karibu futari. Akajibu, 'Asanteni, nimeshakula.'"

"Adhana ilikuwa imekwisha muda gani?"

"Tende nilikuwa nayo bado mdomoni."

Mkewe, Mwamvita, alicheka kutoka ndani. "Nami nikauliza, huyo kala saa ngapi?"

Sadallah alifunga daftari. Saa tatu alikuwa chumbani kwa Revelian, Apolinari nyuma yake.

"Tumbo vipi, karani?"

"Afadhali, afande."

"Basi nisikilize. Aliyepita na sinia jana si mfungaji. Mfungaji akibeba sinia magharibi hulitua barazani, ale na wenziwe. Wala hawezi kuwa ameshakula, tende za wenziwe zikiwa bado mdomoni. Huyo ni Mkristo aliyevaa kama sie ili asiulizwe kabeba nini. Wakristo wa hapa walikuwa rozari, ila wewe na Didas. Didas hajui jibini lipi limeiva. Wewe unajua."

Revelian aliketi kitandani. Akainama, akavuta sinia kutoka uvunguni, akaondoa kawa. Jibini lilikuwepo, limekatwa kipande cha upana wa vidole vitatu.

"Nilikaa seminari miaka sita," alisema. "Kila Jumapili padri mmoja alitukatia jibini kongwe. Nikashindwa mtihani, nikarudishwa nyumbani, na ladha ile sikuiona tena. Nilisema kipande tu, kisha nilirudishe. Nikala, nikalia. Kulirudisha nikaogopa. Nisamehe, Apolinari."

"Tamaa mbele, mauti nyuma," alisema Sadallah. "Mwenye mali, tumpeleke kituoni?"

Apolinari alilichukua kawa kwa hasira, akalitupa kitandani.

"Hapana. Alibebe mwenyewe, wazi, bila kawa. Tupite kwa mzee Salumu, amwombe radhi. Na mie nimwombe, nilimwita mwizi."

Wakapita, na mtaa mzima ukatoka kutazama. Salumu aliwasamehe wote wawili, ila maziwa yake aliapa hayakuwa na maji.

Saa nne kamili Bwana Afya aliingia dukani. Alilitazama jibini juu ya sinia, na Revelian aliyelishika akitokwa jasho.

"Nani amelikata hili?"

Neno moja tu la Apolinari lingemmaliza Revelian.

"Mteja, bwana. Alishindwa kungoja," alisema Apolinari.

Bwana Afya alikata kipande chembamba, akatafuna. Akaacha kutafuna, akafumba macho, akatafuna tena. Akakata cha pili bila kuomba, kinene zaidi. Kisha akaitandaza leseni juu ya meza na kutia saini kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukimvuta Revelian alisogeze sinia karibu.