Siafu Amgusa Malkia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Siafu alipanga kete za sataranji kwenye meza ya mama yake, fundi cherehani, katikati ya mkasi na vipande vya vitambaa. Askari wawili walikuwa wamepotea, nafasi zao zikashikwa na vifungo vya koti. Jina la Siafu alipewa na wenzake, maana alikuwa mdogo wa umbo, lakini akikung'ata kwenye ubao, utajua hujui.

"Leo fainali," mama alisema, uzi ukiwa mdomoni. "Cherehani itapumzika. Nakuja kukutazama."

"Na nikishindwa, mama?"

"Kwani nitakuuza?"

Ukumbini, mpinzani wake alikuwa Bingwa, mvulana mrefu aliyetwaa kikombe mwaka uliopita. Shule ya Siafu haikuwahi kukipata hata mara moja. Walicheza mpaka jasho likawatoka. Bingwa alipoinama kufunga kamba za kiatu, Siafu akamshika malkia wake mwenyewe ili amle askari wa Bingwa. Lo! Malkia akiondoka pale, mfalme anabaki bila mlinzi. Akamwachia upesi kama aliyeshika kaa la moto.

Sheria ya mashindano ilijulikana na kila mchezaji: kete uliyoigusa, hiyo hiyo utaicheza. Lakini nani alikuwa ameona? Mwamuzi alikuwa meza nyingine, ya wanaowania nafasi ya tatu, na watazamaji walikaa mbali. Na farasi wake yuko tayari, hatua moja tu ampe kikombe! Akanyoosha mkono.

"Mwamuzi, nimemgusa malkia. Lazima nimcheze yeye."

Bingwa aliinua kichwa, macho yamemtoka. Siafu akamsogeza malkia mahali penye nafuu, akapigana kufa na kupona, lakini maji yalikuwa yamezidi unga. Mfalme wake akanaswa.

Walipopeana mikono, Bingwa alimnong'oneza, "Mbona ulisema? Mimi sikuona chochote."

"Mimi niliona," Siafu akajibu.

Mwalimu wake wa hisabati, aliyemfundisha mchezo huo, aliwageukia wanafunzi wake. "Mmesikia, wanangu? Mwaminifu hangoji shahidi. Kikombe tutakitafuta tena mwakani, na tutaingia humu vichwa juu."

Mzazi mmoja aliyekaa nyuma akamuuliza yule fundi cherehani, "Wako ni yupi, dada? Huyo aliyeshinda?"

Mama alisimama, akajitanda khanga yake vizuri, akajibu kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima:

"Wangu ni yule aliyeshindwa!"