Neno Aliloliruka Gertrude

Kila siku saa kumi jioni, Gertrude alitoka shuleni na kupitia gereji ya baba yake, nyuma ya stesheni ya Voi. Alinawa mikono, akaketi juu ya tairi kuukuu, na baba yake akamletea makaratasi ya siku hiyo. Fundi Mwandawiro alikuwa bingwa wa injini, lakini shule hakuiona hata mlango, na Kizungu kwake kilikuwa giza tupu. Gertrude, mwanafunzi wa darasa la sita, ndiye aliyekuwa macho yake.

"Huyu binti yangu anakimwaga Kizungu kama maji!" fundi aliwaambia wateja. Nao wateja wakatikisa vichwa kwa mshangao, na Gertrude kichwa kikamvimba kidogo. Nani asiyependa kusifiwa, jamani?

Jumatatu moja mwaka 1978, Kombi ya zahanati ililetwa gereji ikivutwa kwa kamba. Injini ya gari lile ilikaa nyuma. Haikuwa na rejeta wala maji, ilipozwa kwa upepo tu, na ilikuwa na kabureta mbili, moja kila upande. Kilichokufa ni distributa, kile kifaa cha kugawa moto kwenye plagi.

"Fundi, Alhamisi lazima nipande Ronge," alisema Sista Tryphena, muuguzi wa zahanati. "Dada yako Mkamburi hali yake si nzuri. Mtoto amekingama tumboni. Siwezi kumwacha ajifungulie kule mlimani. Nataka awe hospitali kabla uchungu haujaanza."

"Utapanda, Sista," fundi alijibu.

Gertrude aliyasikia yote. Shangazi Mkamburi ndiye aliyemlea mwaka mzima mama yake alipougua. Alimpenda mno.

Jioni ile baba na binti wakaenda kwenye duka la spea la Bwana Kituku. Alikuwa na distributa mbili. Moja ilikuwa mpya, inang'aa, ndani ya boksi lenye karatasi ya maelezo ya Kizungu. Nyingine ilikuwa imeshatumika, na ubavuni ilikuwa na kikopo cha bati chenye mdomo wa kuchomeka mpira mwembamba utokao kwenye kabureta.

"Zote zinaingia," alisema Kituku. "Tofauti yake mimi siielewi vizuri. Chagua mwenyewe, fundi."

Fundi alimpa Gertrude ile karatasi. "Mimi sijui imeandikwa nini. Nisomee, mwanangu."

Gertrude akasoma kimoyomoyo. Inafaa injini zinazopozwa kwa upepo. Hilo alilielewa. Kabureta moja au mbili. Hilo pia. Kisha: ambazo kabureta zake hazina... Hazina nini? Neno lililofuata hakuwahi kuliona maishani mwake. Kituku alikuwa akimwangalia. Wateja wawili nao walikuwa wamenyamaza, wanasubiri Kizungu kimwagike.

"Inasema inafaa injini inayopozwa kwa upepo, kabureta moja au mbili," alisema haraka.

"Basi?"

"Basi, Baba."

Wakachukua ile mpya. Jumanne fundi aliifunga, lakini ule mpira mwembamba wa kabureta ulibaki unaning'inia. "Sasa huu unaenda wapi?" alijiuliza. "Ah, karatasi imesema inafaa." Akauziba. Kisha, kama mafundi wote wa Voi walivyozoea, akalijaribu gari kwenye ile barabara ya Mombasa, tambarare na iliyonyooka. Kombi iliruka kama swala!

Jumatano darasani, neno lile lilikuwa bado linamkereketa Gertrude. Alimfuata Mwalimu Mable, akaliandika ubaoni.

"Maana yake ni mvuto wa hewa," alisema mwalimu. "Ukinyonya soda kwa mrija, unavuta hewa, na soda inapanda. Ndio huo."

Gertrude akakumbuka papo hapo. Ule mpira mwembamba! Distributa ile ilikuwa ya injini ambazo kabureta zake hazina mpira wa kuvuta hewa, na Kombi ilikuwa nao. Jioni alifika gereji akiwa amejipanga kusema. Lakini alimkuta baba yake akimsimulia mteja jinsi binti yake alivyochagua spea, naye akageuka, akarudi nyumbani.

Alhamisi asubuhi Sista Tryphena alikuwa ameshaketi ndani ya Kombi. Noah, dereva, alikuwa ameshawasha injini. Gertrude alitokea mbio, daftari mkononi, akasimama mbele ya gari.

"Msiende! Baba, kuna neno nililiruka. Sikulijua, nikaona haya."

Aliieleza habari yote huku akilia. Fundi alimwamuru Noah apande kile kilima kifupi karibu na gereji, asimame katikati, kisha akanyage mafuta. Noah akakanyaga. Injini ilikohoa, ikasita, ikazimika. Akarudia. Ikazimika tena.

"Mungu wangu," alisema Sista. "Na zile kona za Ronge?"

"Kila kona unaachia mafuta na kukanyaga tena, na bila ule mpira distributa haiwahishi moto ukikanyaga," alisema fundi. "Ingewazimikia juu ya korongo, na mgonjwa ndani."

Alikwenda kwa Kituku mbio. Kituku hakuleta maneno, akambadilishia. Fundi aliifunga ile yenye kikopo, akachomeka mpira, akapanga taiming, ule wakati wa plagi kutoa moto, huku ametega sikio. Saa nzima na nusu. Safari hii Noah alisimama katikati ya kilima, akakanyaga, na Kombi ikapanda bila kusita. Ikaondoka.

Alasiri ilirudi na Shangazi Mkamburi. Usiku uleule uchungu ulimwanza, lakini alikuwa kitandani hospitalini na daktari yupo. Walimpasua salama, akapata mtoto wa kike.

Ijumaa Gertrude alikwenda gereji akiburuta miguu. Tangu jana baba yake hakuwa amemsemesha. Fundi alifuta mikono, akaketi kando yake juu ya lile tairi.

"Shangazi yako ameniuliza kwa nini jana walichelewa. Nimemwambia kweli."

"Amekasirika?"

"Amesema uende ukambebe mtoto." Akamgeukia. "Gertrude, mimi nakwambia 'sijui' kila siku ya Mungu. Mbele ya wateja, mbele ya Kituku. Umewahi kuniona mjinga?"

"Hapana, Baba."

"Basi na wewe sema. Kutojua neno si kosa, tutamtafuta anayelijua. Jana ulisema mbele ya watu wote, na hiyo ndiyo iliyomwokoa shangazi yako. Lakini kumbuka, mimi natembea kwa macho yako. Shimo ukiliruka kimya kimya, wewe unapita. Sisi tulio nyuma yako ndio tunaotumbukia."