Sura ya Mwisho ya Tajiri wa Barafu

Simu ililia mara moja, ikanyamaza, ikalia tena.

Wino aliipokea akiwa kwenye ngazi za jengo la vioo, begi la kompyuta begani.

"Kitendawili," sauti nzito ya Mkuu ikasema.

"Tega."

"Mgeni kaingia nyumbani, mwenyeji hajui kalala chumba gani."

Idara yao ya ujasusi iliagizana kwa vitendawili. Mtu akidukua simu, atadhani ni watu wasio na kazi wanachezea salio. Wino alikielewa hiki palepale. Silaha zimeshaingia nchini, na hakuna anayejua zimefichwa wapi.

"Nina muda gani?"

"Jua likizama mgeni anakabidhiwa. Wakwe wa ng'ambo washafika hotelini. Wakimpata, kesho tunaamka hatuna nyumba." Wakwe ni wanunuzi, nyumba ni serikali.

"Na kitabu changu?"

Mkuu akaguna.

"Kitabu gani tena, binti?"

Simu ikakatika.

Mjini walimjua Wino kwa kazi moja tu: mwandishi kivuli, wa kujitegemea. Anakuandikia kitabu, jina linakaa lako, naye anapotea kama moshi. Idara ndiyo iliyompa kazi hiyo, iwe koti la kujifichia. Basi koti likamkaa! Alianza kwa kuwaandikia watu hotuba za kustaafu. Akaandikia makampuni sifa zao. Akaandikia mchungaji. Akaandikia mchezaji mpira ambaye hajawahi kumaliza kitabu maishani mwake, na cha kwanza kukimaliza kikawa chake mwenyewe. Wateja wakaambiana. Kazi ya uongo ikawa kazi ya kweli.

Vitabu hivyo mama yake alivipanga kabatini, juu ya vikombe vya wageni.

"Hivi vyote kaandika mwanangu," huwaambia majirani.

Majirani husoma majalada, wakatazamana, wakabana kicheko. "Mama wee, mbona hapa ni jina la mchungaji?"

Na macho ya mama yalikuwa yanapoteza nuru. Daktari alishasema presha ya macho ikila haitapiki. Kilichobaki ni kuwahi kabla hajapofuka.

Mteja wa sasa alikubali kitu ambacho hakuna mteja aliyewahi kukikubali. Jina la mwandishi jaladani, chini ya lake. Herufi ndogo, lakini jina. Kitabu kilibakiza sura moja tu.

Mteja huyo ndiye aliyeingiza silaha.

Mlangoni alisimama Nyundo, mlinzi mwenye shingo nene kama kinu. Akapekua begi. Kompyuta ya Dell. Kinasa sauti cha Sony. Kalamu ya Parker. Mfuko wa karanga.

"Karanga za nini?"

"Za kutafuna. Bosi wako anaongea sana."

Nyundo akacheka, akampisha. Hakuitazama saa ya Casio mkononi mwa Wino. Ndani yake mlikuwa na kipaza sauti kidogo kuliko punje ya mchele.

Tajiri wa Barafu alikuwa amejilaza kwenye kiti cha ngozi, viatu kavua. Mitaa yote ilinunua barafu yake.

"Karibu, mwanangu. Ile sura ya mama yangu nimeirudia tena jana." Akafuta pua kwa kiganja. "Umenitoa machozi, mimi! Muulize Nyundo."

"Kweli, bosi alilia," Nyundo akasema mlangoni.

Wino akatoa kompyuta begini. Katika wateja wote, huyu tu ndiye aliyewahi kulia kwa alichoandikiwa.

"Leo nakusomea ya mwisho, mzee."

Sasa, Wino alikuwa na ujanja wake wa kazi. Mteja ukimuuliza swali, anajificha. Msomee kosa linalomshusha, atalirekebisha mwenyewe hata umzibe mdomo.

Akafungua kompyuta. Akasoma taratibu.

"'Uzee ulipobisha hodi, alitulia. Biashara kubwa aliwaachia vijana wenye nguvu. Yeye akabaki na barafu yake na kumbukumbu zake.'"

Tajiri akakaa wima.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Nimetulia? Nani katulia?"

"Kitabu kinahitaji mwisho, mzee. Wasomaji wanapenda mtu aliyepumzika."

"Bosi," Nyundo akaita. "Achana nayo."

"Nyamaza wewe! Ndivyo nitakavyosomwa na wajukuu? Babu alibaki na barafu?" Mishipa ya shingo ilimsimama. "Andika! Hiyo barafu unayoidharau, hivi sasa ipo kwenye malori sita kule kiwandani, geti la nyuma. Chini ya barafu kuna mzigo ambao kijana yeyote angeuona angezimia. Jua likizama yanatoka. Nani mwingine anaweza kazi hiyo? Taja mmoja!"

"Hakuna, mzee."

"Andika hivyo!"

Wino akaandika. Alisogeza saa karibu na mdomo kama anayepiga miayo.

"Malori sita, kiwandani, geti la nyuma. Nimepata sawa?"

"Sawasawa."

Sikioni, ndani ya hereni, sauti ya Mkuu ikakwaruza: "Imepokelewa. Tunaingia."

Akaendelea kusoma. Alisoma polepole kuliko siku zote, kwa sababu alijua hakuna mwingine atakayeisikia sura ile.

Simu ya mezani ikalia. Tajiri akasikiliza. Rangi ikamtoka usoni.

"Kiwanda kimevamiwa," akasema.

Macho yake yakatua kwenye saa ya Casio, ile aliyoisogeza Wino mdomoni.

Nyundo akachomoa Glock.

Wino akabinya kifuniko cha Parker. Sindano ikaruka, ikamchoma Nyundo chini ya sikio. Risasi ikapasua dari. Nyundo akaanguka na pazia la mlango.

Wino akaiokota Glock kabla ya vumbi kutua.

"Kaa, mzee. Vaa viatu. Wanakuja kukuchukua."

Tajiri akavaa kiatu kimoja, akaacha kingine.

"Kwa hiyo kitabu je?"

"Hakipo tena."

"Hata ile ya mama yangu?"

Wino akafunga kompyuta. Honda za askari zilikuwa zinanguruma chini.

Barabarani, Mkuu akapiga.

"Kazi safi. Muswada tunauchukua, ni ushahidi. Nakala zote."

"Jalada lilikuwa na jina langu, Mkuu."

"Hakuna jalada. Hakuna jina. Hapa wala popote, mpaka unazikwa."

"Na kaburini?"

"Tutaandika mtumishi wa umma." Akakohoa. "Kuna jenerali mstaafu anatafuta mwandishi. Kesho asubuhi. Kalamu ipo?"

"Ipo."

Akavaa miwani ya Ray-Ban, akatembea. Simu ikalia tena. Mama.

"Mwanangu, kabatini nimeshakusafishia nafasi. Leo vikombe nimevitambua kwa vidole tu. Kitabu chako kinakuja lini?"

Wino akasimama kwenye kivuko. Magari yakapita, yakapita.

"Mama, kitendawili."

"Haya, tega!"

"Nimepika, nimepakua, watu wamekula wakashiba, wakamshukuru mwingine."

Mama alicheka mpaka akakohoa.

"Rahisi mno! Huyo si mpishi wa hotelini?"

Taa ikawa ya kijani.

"Umepata, mama," akasema, akavuka barabara.